Nyumba Ndogo ya Stesheni ya Sigi

Usiku wa leo nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi habari za nyumba. Najua ya kuwa mtu aambiwapo habari za nyumba za kale hutazamia kusikia habari za ngome ya Mombasa, au majumba ya Unguja, au boma la Bagamoyo. Nyumba yangu ya leo si ya jamii hiyo. Ni nyumba ndogo. Hakukaa humo mfalme wala liwali. Ilijengwa ili akae mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kulipokea gari la moshi na kuliaga. Walakini mkinivumilia kidogo mtaona ya kuwa nyumba hii ndogo ina maneno mengi ya kutuambia, na ya kuwa liko neno moja ambalo yatupasa kulijibu sisi wenyewe.

Twende kwanza mahali penyewe. Katika mkoa wa Tanga, nyuma ya mji wa Muheza, iko milima ya Usambara ya Mashariki, ambayo watu wa zamani waliiita Handei. Juu yake pana nchi ya vilima na mabonde, na huko ndiko yaliko mashamba ya chai ya Bulwa na Kwamkoro, na mahali paitwapo Amani. Mtu wa Bulwa ashikaye njia ya Amani ili aende Muheza hushuka ndani ya msitu mkubwa, kona baada ya kona, baridi ikipungua na joto likizidi, hata afike chini penye mto Sigi. Hapo, kabla ya kuishika njia iliyobaki ya Muheza, yapata kilomita 25, ataiona nyumba ya kale imesimama. Hiyo ndiyo nyumba ya bwana stesheni wa Sigi, iliyobaki tangu siku za Wadachi.

Mgeni akiambiwa jina la nyumba hiyo hustaajabu. Huuliza, Stesheni ya nini? Reli iko wapi? Atatazama huku na huku, naye ataona miti, na mto, na njia ya motokaa. Reli hataiona. Basi habari yetu yaanzia katika swali hilo.

Wadachi walipokwisha kuishika nchi hii, baada ya mwaka 1885, macho yao yalivutwa upesi na milima ya Usambara. Waliiona ina baridi, ina mvua, ina miti mikubwa, wakadhani ardhi iwezayo kulisha msitu mkubwa namna ile haiwezi kukosa kulisha kahawa. Mwaka 1891 kampuni yao ya Afrika Mashariki ilifungua shamba la kahawa Derema, na mashamba mengine yakafuata juu ya milima ile ile. Mwaka 1895 serikali yao ikatoa amri ya kuwa ardhi yote ambayo wao waliihesabu haina mwenyewe ni mali ya dola. Kwa Washambaa amri hiyo ilikuwa jambo geni sana. Kwao msitu ulikuwa na matambiko yake, na njia zake, na watu waliojua baba zao walilima wapi, na shamba lililopumzishwa halikuwa shamba lililotupwa.

Tena mabwana wa mashamba waliona upesi ya kuwa msitu uliwadanganya. Mvua ya Amani ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha ardhi na kuichukua nguvu yake. Msitu hujilisha wenyewe kwa majani yake yaangukayo na kuoza. Ukikatwa, chakula hicho hukatika. Miaka ya kwanza kahawa ilistawi, kisha ikaanza kudhoofika, na mashamba mengi yakawa hasara kwa wenyewe.

Tena palikuwa na shida ya uchukuzi. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza. Lakini kati ya Muheza na kilele cha mlima mzigo ulipita juu ya kichwa cha mtu. Kahawa ilishuka kichwani, na misumari, na mabati, na unga, na vyuma vya mashine vilipanda kichwani. Anayeijua njia ile wakati wa masika, udongo mwekundu unapoteleza kama sabuni, atajua maana ya maneno haya.

Mwaka 1902 Wadachi wakaanzisha Amani chuo kikubwa cha kuchunguza mimea na kilimo, kikaongozwa kwanza na bwana Franz Stuhlmann. Miti na mimea ililetwa kutoka pande nyingi za dunia, ikapandwa kwa mistari na kuandikwa: misinkona itoayo kwinini, mikarafuu, mipira, chai, na mingineyo mingi. Na mwaka 1904 kazi ya reli ndogo ilianza, kwa ajili ya kampuni ya Kidachi iliyotaka mbao za msitu ule. Ilitoka Tengeni, karibu na Muheza, katika reli kubwa ya Tanga, ikaenda mpaka Sigi, yapata kilomita 23. Mwaka 1910 ilikuwa imekwisha. Upana wake baina ya chuma na chuma ulikuwa sentimita 75 tu, na ile kubwa ni mita 1. Kwa hiyo gari la njia moja halikuweza kupita katika njia ya pili, na kila gogo na kila gunia lilishushwa na kupakizwa tena Tengeni.

Sasa mwaweza kufahamu kwa nini nyumba yetu ilijengwa pale na si penginepo. Pale Sigi ndipo chuma kilipoishia. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mlima, na kutoka hapo miguu ya watu ilishika kazi yake ya zamani. Bwana stesheni alikaa mpakani mwa mambo hayo mawili. Upande mmoja wa nyumba yake alisikia mlio wa gari la moshi, na upande wa pili alisikia wapagazi wakiitana njiani.

Basi na tuitazame nyumba za namna hii jinsi zilivyojengwa, maana fundi hodari hasemi kwa kinywa chake, husema kwa mkono wake. Wadachi walipojenga nyumba ndogo za kazi katika nchi hii walifuata mambo machache. La kwanza, msingi uliinuliwa kwa mawe juu ya ardhi, ili maji ya mvua yasiingie na ili mchwa aonekane apandapo. La pili, kuta zilifanywa nene, kwa kuwa ukuta mnene huchelewa kupata joto mchana na huchelewa kupoa usiku. La tatu, paa lilitokezwa mbele kupita kuta, likafanya baraza, ili jua lisipige ukuta wala mvua isiurushie maji. La nne, madirisha yalielekezana, upepo upate kuingia huku na kutokea kule. La tano, jiko liliwekwa mbali kidogo na nyumba, kwa ajili ya moshi na hatari ya moto. Na kule juu mlimani, penye baridi, waliongeza meko ndani ya chumba na bomba la moshi juu ya paa, jambo ambalo mtu wa pwani huliona kama dhihaka mpaka alale huko usiku mmoja wa mwezi wa saba.

Nataka mwilinganishe nyumba hiyo na nyumba ya Mshambaa wa zamani. Ile ilikuwa msonge, yaani nyumba ya mviringo, paa lake la nyasi likishuka karibu hadi chini. Wako waliozoea kusema ya kuwa hii ni nyumba ya ujinga na ile ni nyumba ya maarifa. Mimi sioni hivyo. Nyumba zote mbili zilikuwa na adui mmoja, naye ni maji, na zote mbili zilimjibu kwa neno moja, yaani paa kubwa lenye kufika mbali. Mshambaa alikuwa ameujua msemo huo kabla bati halijavuka bahari. Tofauti iko hapa: paa la msonge lilitengenezwa upya na jirani kwa nyasi za karibu, bila fedha, kila lilipochakaa. Paa la bati hudumu miaka mingi zaidi, lakini siku litobokapo lataka fedha, na msumari, na mtu aliye na ngazi; na asipopatikana mtu huyo, nyumba nzima huanza kufa polepole huku kuta zake zikionekana nzima.

Na sasa niseme juu ya mikono iliyojenga. Nyumba za namna hii huitwa kwa majina ya mabwana, Nyumba ya Mdachi fulani, Nyumba ya bwana stesheni. Lakini bwana hakubeba jiwe. Mawe yalibebwa, na chokaa ikachomwa, na mbao zikapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini ya shimo, na watu wa nchi hii. Wengine walikuja kwa ujira, wakitoka mbali, hata Unyamwezi na Usukuma, kwa kuwa watu wa milimani wenyewe walikuwa na mashamba yao na hawakupenda kuyaacha. Wengine hawakuulizwa kama wanapenda. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, mwaka 1907 watu walipewa kadi, na kila mwanamume ilimpasa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika muda wa miezi minne. Nyumba za siku zile zilijengwa katika hali hiyo, na mwenye kutaka kuzisifu uzuri wake bila kuyataja hayo anasifu nusu ya nyumba tu. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Vita ilipoanza mwaka 1914, merikebu za Wadachi hazikuweza tena kuleta vitu kutoka kwao. Ndipo Amani ikawa karakana ya nchi nzima: walitengeneza kwinini kwa magome ya misinkona yao, na sabuni, na vitu vingine vingi. Mwaka 1916 Waingereza walifika, utawala ukageuka, na bendera ikabadilishwa. Reli ya Sigi nayo haikupata maisha marefu. Motokaa ilikuja, njia ikapanuliwa, na vyuma vikatolewa. Stesheni ikabaki bila gari la moshi, kama kisima kilichobaki kiangazini.

Lakini njia haikufa, na mambo makubwa yaliendelea kupita mbele ya baraza ile. Nitawapa mfano mmoja tu, kwa kuwa unahusu chakula ambacho bila shaka wengi wenu mmekila. Katika miaka ya 1930, siku za Waingereza, wachunguzi wa Amani walikuwa wakishindana na ugonjwa wa mihogo unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Bwana H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walionyesha ya kuwa ugonjwa huo huchukuliwa na nzi mdogo mweupe kutoka mmea hata mmea. Kisha walichanganya mbegu ya mihogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu yake mhogo. Mpira huo uliletwa nchini na kupandwa na walowezi kwa tamaa ya fedha, nao uliwatupa mkono bei yake ilipoanguka mwaka 1913. Mti ulioshindwa kuwatajirisha wenye mashamba ukatoa nguvu ya kuilinda mihogo ya maskini. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa hata Nigeria, zikawa shina la mihogo mingi ya Afrika inayostahimili ugonjwa ule. Kazi hiyo ilifanyika juu ya mlima, maili chache tu kutoka mahali pa stesheni yetu.

Mwisho wa miaka ya 1940 uchunguzi wa kilimo ulihamishiwa Muguga, katika nchi ya Kenya, na Amani ikawa mahali pa kuchunguza malaria. Miaka ikapita. Nyumba nyingi za zamani katika milima ile, za chuo na za mashamba, zikapungukiwa na wenye kuzikaa. Nyumba ya Sigi ingeweza kufa kama wenzake wengi walivyokufa. Kilichoiokoa ni kazi. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliunda Hifadhi ya Mazingira ya Amani, ya kwanza ya namna yake katika nchi, kwa msaada wa watu wa Finland, ili kuulinda msitu na maji yake. Na maji hayo si jambo dogo, maana mji wa Tanga hunywa maji ya mto Sigi. Wakaitengeneza nyumba ya bwana stesheni, wakaifanya mahali pa kuwapokea wageni na kuwapa habari za msitu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuondoa magogo msituni ikapewa kazi ya kuutetea msitu. Nami nadhani ni vigumu kuipatia nyumba toba iliyo bora kuliko hiyo.

Hapa ndipo lilipo neno nililosema yatupasa kulijibu. Wako watu wema wasemao, Kwa nini tuzitunze nyumba za waliotutawala? Acha zianguke, na kumbukumbu ya kutawaliwa ianguke nazo. Siwalaumu wasemao hivyo. Mtu aliyesikia kwa babu yake habari za kadi na kiboko hana deni la kuupenda ukuta wa Mdachi. Lakini mimi nauliza swali la pili. Nyumba ikianguka, ni kumbukumbu ya nani inayoanguka? Mabwana waliandika vitabu, na ramani, na taarifa, na hizo zimo salama katika makabati ya Ulaya. Kazi ya waashi na wabeba mawe haikuandikwa mahali popote isipokuwa katika mawe yenyewe. Ukuta ukianguka, bwana hapotewi na kitu. Anayepotea ni yule aliyeujenga.

Wala tusitegemee ya kuwa sheria itazilinda nyumba hizi kwa umri wake tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu kuwa ya kale, bila kungoja tangazo lingine, majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Hesabuni wenyewe. Wadachi walikuja baada ya hapo kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo nyumba yao ya kwanza kabisa ni changa mno mbele ya sheria hiyo, isipokuwa mwenye mamlaka aitangaze peke yake. Nyumba nyingi ndogo za milimani hazitatangazwa. Zitalindwa na wakaao ndani yake na majirani, au hazitalindwa kabisa.

Basi kwa yeyote anisikiaye aliye na nyumba ya namna hiyo, au aliyekabidhiwa shule, au zahanati, au ofisi iliyo ndani ya nyumba ya kale, nina maneno manne mafupi ya kazi. Kwanza, tazama paa kabla ya masika, si baada yake. Bati moja lililolegea ukilipiga msumari leo ni kazi ya saa moja, na ukiliacha litaozesha boriti ambayo ni kazi ya mwezi. Pili, safisha milizamu na mifereji, maji yaende mbali na msingi, maana nyumba nyingi huuawa kutoka chini na mtu akatazama juu. Tatu, ukuta wa kale wa mawe na chokaa uzibe kwa chokaa. Usiupake saruji, hata kama saruji ni ngumu na yapendeza machoni. Ukuta wa chokaa hupumua, na saruji huufungia unyevu ndani, mpaka siku moja ngozi yote ibanduke na kuanguka pamoja na nyama. Nne, na hili ndilo kubwa, usiiache nyumba tupu. Mtu afunguaye madirisha asubuhi na kuyafunga jioni ni dawa kuliko fundi ajaye mara moja kwa miaka kumi. Nanyi mwajua walivyosema wazee: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mabibi na mabwana, saa yangu imekwisha. Siku mtakayopita njia ile, kama mwatoka Bulwa na vikapu vyenu au mwapanda kutoka Muheza, simameni kidogo pale Sigi. Itazameni nyumba ile. Msiulize tu jina la bwana aliyekaa ndani. Wekeni mkono juu ya ukuta, mkumbuke ya kuwa mkono mwingine uliutangulia mkono wenu mahali hapo hapo, mkono wa mtu wa nchi hii, nao ulifanya kazi njema ingawa siku zake zilikuwa mbaya. Yeye alimaliza sehemu yake. Iliyobaki ni paa, nayo ni sehemu yetu.